Kopo la Vifungo vya Krismasi

Pale kiwandani walimwita Nusu Inchi, na jina hilo halikutokana na kimo chake. Alikuwa mkataji wa sare za shule. Kazi yake ilikuwa kusimama mbele ya meza ndefu ya mbao, kutandaza kitambaa tabaka juu ya tabaka, kuzungusha chaki kwenye kiolezo cha kadibodi, kisha kukata. Mkataji akikosea hakosei shati moja. Anakosea mashati yote yaliyo chini ya mkasi. Kwa hiyo alikuwa mtu wa taratibu, na kila alipochora mstari aliacha nusu inchi zaidi pembeni, juu ya ile ya mshono ambayo kila mkataji huiacha.

Msimamizi mmoja mgeni alimgombeza kwamba anakula kitambaa.

"Mzee, hiyo nusu inchi ya ziada ni ya nani?"

"Ya mtoto atakayenenepa," alijibu bila kuinua uso. "Nguo isiyo na akiba ndani haina msamaha. Ikibana, imebana."

Wenzake wakacheka, jina likamkaa. Msimamizi yule naye alipewa la kwake, Bwana Akiba, akafa akiitwa hivyo, ingawa hakuwa na akiba ya chochote, hata ya maneno. Lakini huyo si wa habari hii.

Nusu Inchi aliishi na mkewe, mwalimu wa chekechea, na watoto wawili katika nyumba ya vyumba vitatu mtaa wa nyuma ya kiwanda. Kijana ndiye alikuwa kifungua mimba, binti akafuata na kuziba mlango. Hawakuwa na redio nzuri wala viti vya kujivunia. Walichokuwa nacho ni Desemba. Mwezi huo ukiingia, kila jioni baada ya chakula baba alisafisha meza kwa kiganja na kuweka fumbo la hesabu juu yake, kama mwingine anavyoweka karata.

Jioni moja lilikuwa fumbo la nyota. Aliwapa karatasi na mkasi, akawaambia watoe nyota ya ncha tano kwa kukata mara moja tu. Watoto walikata, wakatupa, wakakata tena. Kisha yeye akaikunja karatasi nusu, akaikunja tena kwa mshazari mpaka ikawa kama kipande chembamba cha keki, akapitisha mkasi mara moja. Alipoifungua ilikuwa nyota. Wakazitundika dirishani kwa uzi wa kiwandani, na hadi leo watu wa mtaa ule huikunja karatasi hivyo Krismasi inapokaribia, wengi wao bila kujua ilianzia nyumba gani.

Jioni nyingine lilikuwa la pipi tisa, zote sura moja, moja nyepesi kuliko wenzake. Alitengeneza mizani kwa hanga ya nguo na vifuniko viwili vya chupa, akasema iliyo nyepesi ipatikane kwa kupima mara mbili, si zaidi. Binti alizipanga pipi mafungu matatu. Halafu akapima tatu kwa tatu, akajua ni fungu lipi lenye upungufu. Aliponyoosha mkono apime moja kwa moja katika fungu lile, akakuta pipi mbili tu.

"Kaka! Ya tatu iko wapi?"

"Nimeipima kwa ulimi," kijana akasema, shavu limevimba. "Hii si nyepesi. Endelea na hizo mbili."

Mama alicheka mpaka akajishika mbavu.

Lakini mchezo mkubwa wa nyumba ile ulikuwa wa vifungo. Walikuwa na kopo la bati lililowahi kuwa la maziwa ya unga. Ndani yake mlikuwa na vifungo vinne vya ukubwa mmoja, ili kidole kisijue kinachoshika: cheusi cha baba, cha kijani cha mama, cha bluu cha kijana, chekundu cha binti. Jumapili ya kwanza ya Desemba kila mmoja aliingiza mkono bila kutazama na kuchukua kimoja. Mwenye kifungo ulichokitoa ndiye utakayemwandalia zawadi ya Krismasi, na siku yenyewe ikifika unampa zawadi pamoja na kifungo chake. Sharti la baba lilikuwa kwamba mtu hajipi zawadi mwenyewe. Aliyejikuta ameshika rangi yake alisema kwa sauti, "Changu!" na wote wakarudisha na kuanza upya.

Sharti la mama lilikuwa jingine. Mwaka mmoja baba alishindwa kujizuia, akamwambia kijana wiki nzima kabla kwamba anashonewa koti. Mama alikasirika kweli. "Anayeitaja zawadi kabla haijafunguliwa ameiiba," alisema, na toka siku hiyo ikawa sheria. Zawadi haitajwi.

Binti alipokuwa na miaka kumi hivi alichoka kurudisha vifungo.

"Baba, mbona kila mwaka tunarudia na kurudia? Mtu anatoa chake, anatoa chake!"

Baba alimpa chaki. Binti akalala kifudifudi sakafuni, akaandika kila namna ambavyo watu wanne wanaweza kugawana vifungo vinne. Zikafika ishirini na nne. Kisha akafuta zile ambazo mtu yeyote anajipata mwenyewe. Zikabaki tisa.

"Tisa tu katika ishirini na nne! Ndiyo maana tunachoka!"

"Kumbe," mama akasema. "Mimi nilidhani ni mkosi wa baba yenu."

"Na tungekuwa watatu?" kijana akauliza.

"Watatu kivipi? Nani kafa?"

"Mfano tu, Mama."

Binti akaandika tena. Kwa watu watatu njia ni sita, na zinazokubalika ni mbili tu, zote mbili mduara. "Angalieni," akasema, akichora mishale. "Tukiwa watatu hakuna wawili wanaopeana. Unampa mmoja, unapokea kwa mwingine. Ukiona tu ulichotoa, umeshajua vya wote. Hakuna siri!"

"Na wawili?"

"Njia moja. Mimi nakupa, unanipa."

"Na mmoja?"

Binti alifikiri, chaki mdomoni. "Mmoja haiwezekani. Atatoa chake kila mara, arudishe, atoe tena, arudishe, mpaka kesho."

"Basi tusifike huko," mama akasema, akachukua kitambaa akafuta sakafu.

Watoto wakakua. Kijana akawa dereva wa malori ya safari ndefu. Binti akafundisha hesabu, akaolewa, lakini Jumapili ya kwanza ya Desemba alirudi kuingiza mkono koponi. Mkwe aliambiwa naye achague rangi. Alikataa kwa mzaha, akasema hesabu zilimshinda darasa la tatu na hataki kufukuzwa mara ya pili na wakwe. Kwa hiyo vifungo vikabaki vinne.

Kisha mama akaugua. Ugonjwa wake ulikuwa wa kulala, wa kugeuzwa na kunyweshwa. Baba alikuwa kazini tangu asubuhi, na binti ndiye aliyemuuguza mchana, tumbo limejaa mimba, mpaka siku zake za kujifungua zikafika. Akamwita kaka yake.

"Nikienda hospitali, mchana akae nani naye?"

"Mimi. Nimeshaomba ruhusa. Nina safari moja tu, nikirudi nimefika."

"Kaka, usiniambie ya madereva. Unakuja au huji?"

"Dada, huyu ni mama yangu pia. Nakuja."

Hakuja. Aliongeza safari moja, kisha gari likahitaji kupeleka mzigo mwingine, na kila alipopigiwa alisema kesho. Mama alikufa mchana mmoja mkononi mwa jirani, mwanamke mwema aliyekuwa amepita kuomba kiberiti. Ahadi kwa mgonjwa haifanani na ahadi nyingine, kwa sababu mgonjwa hawezi kukusubiri kwa hiari yake. Kijana alilijua hilo, na hakuna udhuru wa barabara unaoweza kulifunika.

Siku ya mazishi alishika sepetu ili atie udongo kama mtoto wa kwanza. Binti alitoka kwenye kundi la wanawake, bado anatembea kwa taabu ya uzazi, akalishika sepetu lile na kulivuta kutoka mikononi mwa kaka yake mbele ya watu wote.

"Hukuwepo kumgeuza kitandani. Usijifanye kumfunika."

Kijana aliachia. Alisimama pale mikono yake imebaki kama bado imeshika kitu, kisha akarudi nyuma ya watu. Binti alikuwa na haki ya kukasirika. Lakini haki inayotamkwa juu ya kaburi, mbele ya umati, kwa mtu aliyekwisha kuvunjika, huwa na makali ya kisasi, na yeye aliyesomea kupima vitu alipaswa kuyapima na hayo. Toka siku ile ndugu wale wawili hawakusemeshana.

Nusu Inchi alirudi kwenye meza yake. Alitoa kifungo cha kijani ndani ya kopo, akakishonea kwa uzi ndani ya mfuko wa koti lake la kazi, upande wa kifua. Akaanza kutafuta namna ya kuwarudisha watoto wake meza moja. Alimsihi kijana, akajibiwa, "Baba, tuache." Alimsihi binti, akajibiwa, "Baba, sijasema kitu." Alimtuma mchungaji na hakufua dafu.

Novemba ikiisha, alikuwa ameinama juu ya kitambaa, chaki mkononi, akakumbuka hesabu ya sakafuni. Sasa walikuwa watatu. Akaandika zile njia mbili pembeni mwa meza, akazitazama. Katika njia ya kwanza kijana anampa dada yake. Katika ya pili binti anampa kaka yake. Hakuna njia ya tatu. Hata mikono ichague itakavyo, mmoja wao lazima amwandalie mwenzake kitu, akifikirie, akifunge, akilete. Alifurahi kama mtu aliyedhani kitambaa hakitoshi kisha akakuta kinatosha. Hakuwa akimdanganya mtu. Hakuweka alama kwenye kifungo wala kuficha kimoja mkononi. Aliiachia hesabu kazi ambayo yeye na mchungaji walikuwa wameshindwa.

Akawaita kila mmoja peke yake. "Jumapili njoo ushike kifungo. Mama yenu angetaka." Hakuna mtoto anayekataa maneno hayo.

Walikuja. Binti alikaa mlangoni na mtoto mapajani. Kijana alikaa ukutani.

"Baba," binti akasema, "mwambie mwanao asogeze kiti. Miguu yake imejaa chumba kizima."

"Baba, mwambie binti yako miguu hii nilizaliwa nayo."

"Mirefu sana kwa mtu asiyefika anakoahidi kufika."

Kijana akasogeza kiti. Baba alitikisa kopo kwa nguvu kuliko ilivyohitajika ili sauti ya bati ijaze pale palipobaki patupu. Raundi ya kwanza alisema yeye mwenyewe, "Changu." Wakarudisha. Raundi ya pili binti akasema, "Changu," na kwa bahati mbaya akacheka kidogo, kwa mazoea ya zamani, kisha akajizuia. Raundi ya tatu hakuna aliyesema kitu.

Baba alifungua kiganja chini ya meza. Chekundu. Akajua yote papo hapo: yeye anampa binti, binti anampa kaka yake, kaka anampa baba. Alipoinua uso aliona nao wanajua. Binti alikuwa amefumba ngumi juu ya kichwa cha mtoto. Kijana alikuwa akikitazama kifungo cheusi kama mtu anayesoma tangazo la ofisini. Watatu walikaa hivyo, kila mmoja na mduara mzima mkononi.

"Krismasi, saa sita mchana," baba akasema.

"Nimesikia," kijana akasema, akaondoka kabla chai haijapoa.

Wiki ile binti alikuja kiwandani jioni baada ya shule, akaomba kona ya meza. Alikuwa na kitambaa cha pamba cha rangi ya majivu. Alijua kukata tangu utotoni, na baba hakumsaidia, alimwachia mkasi mzuri tu.

"Vipimo umevitoa wapi?" alimuuliza alipoona anachora bila kutazama popote.

"Machoni. Jumapili ile alikuwa akijifanya hanitazami, nami nikampima." Akachora mkono wa shati. "Amekonda, Baba. Mabegani ameshuka."

Shati lilipokaribia kwisha, alikuja na swali jingine. "Kile cha Mama kiko wapi?"

Nusu Inchi alifungua koti lake, akakata uzi ndani ya mfuko, akampa kifungo cha kijani. Hakuuliza ni cha nini. Aliona mwenyewe baadaye: vifungo vyote vya shati vilikuwa vyeupe, isipokuwa kile cha juu kabisa, penye koo. Na alipolipindua shati kwa jicho la kazi, aliona binti ameacha akiba pembeni, nusu inchi kamili kila upande, ili mwenye shati akirudi kunenepa lisimbane. Baba alikwenda kusimama nyuma ya marobota ya kitambaa kwa muda, akijifanya anayahesabu.

Siku ya Krismasi meza ilitandikwa mapema. Mkwe alikuwa zamu kazini. Binti alipika wali na kuku, akatundika nyota za karatasi, akaweka boksi lenye shati karibu na sahani yake, kifungo cha bluu kimefungwa juu kwa uzi. Alikuwa amevaa gauni alilopenda mama yake. Kila kishindo nje kilimfanya ainue kichwa, kisha ainamishe kana kwamba hakuinua.

Saa sita ikapita. Baba akasema barabara zina msongamano siku kama hii. Saa saba ikapita. Binti akafunika wali. Wali ulipofunikwa kwa mara ya tatu mlango ukabishwa, na binti akasimama haraka hata kiti kikaanguka.

Alikuwa mlinzi wa kiwanda, amebeba boksi refu.

"Heri ya sikukuu, Mzee. Kijana wako amepitisha hii asubuhi. Kasema ikufikie leo leo, isilale."

Kifungo cheusi kilining'inia kwenye boksi. Ndani mlikuwa na taa ya mezani yenye shingo ndefu ya kukunja, ya kumulikia kazi ya mkono.

"Mwenyewe kaenda wapi?"

"Alikaa garini nje ya geti muda mrefu sana, injini inanguruma. Nikamwambia, kijana, zima hilo, unachoma mafuta bure. Akacheka. Baadaye akaondoka."

"Kuelekea wapi? Huku au kule?"

Mlinzi alitazama chini. "Kule, Mzee."

Binti aliinua kiti chake kilichoanguka, akakirudisha mezani. Akachukua boksi la shati, akaliweka kwenye kiti cha kaka yake, akakisogeza mpaka kikagusa meza.

"Ya kwako amekufikishia," akasema. "Ya kwangu mimi nimfikishie nani?"

Wakala, kwa sababu chakula hakitupwi. Baba akampa binti zawadi yake pamoja na kifungo chekundu, naye akashukuru kama alivyofundishwa. Mtoto alilia kidogo, na wote wawili wakafurahi kuwa na mtu wa kubembeleza.

Siku mbili baadaye Nusu Inchi alimpigia kijana simu.

"Shikamoo, Baba. Taa ilifika?"

"Marahaba. Ilifika. Naona mpaka uzi. Kiti chako kilikuwa kitupu."

Injini ilisikika nyuma yake.

"Baba, nilipoona cheusi nilijua. Wewe ndiye uliyetufundisha. Nikishika chako, yeye kashika changu."

"Basi ungekuja."

"Nilikuwa naomba nipate chekundu. Wallahi nilikuwa naomba. Blanketi la mtoto wake liko humu garini tangu Novemba, nililiweka nikitumaini. Kutoa ningeweza, Baba. Ningeingia nimebeba kitu chake, mikono ingekuwa na kazi. Lakini niingie na taa yako tu, kwake sina kitu mkononi, nikae pale, nipokee kwake? Ningepokea kwa mkono upi? Huo alioupokonya sepetu?"

Hapo ndipo Nusu Inchi alipoona kosa lake. Alikuwa amepiga hesabu ya nani lazima atoe. Hakupiga hesabu ya anayepokea, wala hakukumbuka kwamba watoto aliowafundisha mwenyewe wangeuona mduara wote kabla haujatimia. Katika nyumba nyingine yoyote kijana angekuja bila kujua, na boksi lingemkuta amekaa.

"Njoo ufungue tu," akamwambia. "Liko kwenye kiti chako."

"Ni nini?"

Neno lilikuwa ulimini. Angesema kifungo cha mama yako kiko penye koo, na dada yako ndiye aliyekishona, na kijana angegeuza gari palepale barabarani. Lakini sheria ilikuwa ya mkewe, na mkewe alikuwa kaburini, na kuivunja aliona ni kama kumfukia mara ya pili.

"Zawadi haitajwi," akasema.

"Labda ni sepetu."

"Usiseme hivyo."

"Natania, Baba." Lakini hakuwa akicheka.

Mtu mwenye kufuata kanuni anastahili heshima, na dunia hii ina upungufu wa watu hao. Hata hivyo kanuni ya mchezo iliwekwa ili zawadi imfurahishe mpokeaji, na siku inapomzuia kuipata imekwisha kazi yake. Nusu Inchi, aliyeacha akiba katika kila shati la mtoto asiyemjua, hakuacha akiba yoyote katika sheria ile. Kijana naye asisamehewe kirahisi. Anayetoa husimama wima na anayepokea huinama, na kuna watu wengi wakarimu ambao ukarimu wao ni woga wa kuinama tu. Alikuwa amemkosea dada yake kwa kutofika, na alipopewa nafasi ya kufika, hakufika tena.

Mwezi wa tatu mzee alishindwa. Alikaa chini ya taa ile ya shingo ndefu, akaamua kwamba mkewe atamwelewa, akapiga simu ili amwambie kijana kila kitu. Namba haikupatikana. Alipiga kesho yake, na wiki iliyofuata. Alipouliza kwa madereva wenzake akaambiwa kijana amebadilisha kampuni, anapeleka mizigo nchi za mbali, haji tena upande huu. "Ni mzima, Mzee, ila amekuwa mkimya," mmoja akamwambia. Akampa dereva yule ujumbe kwamba arudi, shati lenye kifungo cha mama yake linamngoja. Dereva akaahidi kuufikisha. Madereva huahidi.

Shati alilitundika kwenye hanga nyuma ya meza yake ya kukatia, na kile kifungo cha bluu akakirudisha koponi. Watu walilipenda, wakauliza kama linauzwa. "Lina mwenyewe," aliwajibu, wakati mwingine kabla hawajauliza.

Jumapili ya kwanza ya Desemba iliyofuata binti alikuja na mtoto, ambaye sasa alitembea kwa kushika ukuta. Baba aliweka kopo mezani.

"Baba, tuko wawili," binti akasema taratibu. "Njia ni moja. Mimi nakupa, unanipa."

"Vifungo ni vitatu."

"Lakini watu..."

"Ingiza mkono, mama."

Baba alitoa chekundu. Binti akatoa cheusi. Mzee akachungulia koponi. "Kimebaki cha bluu. Mwenzetu amejipata mwenyewe. Hairuhusiwi. Rudisha."

"Baba. Hayupo."

"Na mtu hajipi zawadi mwenyewe. Rudisha."

Binti alirudisha. Hakubishana tena. Mzee alitikisa kopo, mtoto akachekea ile sauti, wakaingiza mikono mara ya pili. Baba alipata chekundu tena. Binti alikishika chake kwa muda ndani ya ngumi kabla ya kukitazama, kisha akakiweka juu ya meza. Cha bluu. Ndani ya kopo kilibaki cheusi, peke yake, cha yule asiyekuwepo kumpa baba yake. Mduara ulikuwa ule ule wa mwaka jana.

"Ni yeye tena," binti akasema. Alitaka kucheka, akakisukuma kifungo kwa baba yake.

"Basi shati limepata suruali."

"Kwa vipimo gani, Baba? Mwaka huu sijamwona."

Nusu Inchi alichukua kifungo cha bluu, akakifuta kwa kidole gumba kana kwamba kina vumbi, akamrudishia.

"Vya mwaka jana," akasema. "Ila pembeni uache inchi nzima."